Eksirei safi, MRI inasema mfupa wa nyonga umekufa: nimwamini nani?

Shikamoo Daktari,

Nina umri wa miaka 36 na ninaishi na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Ugonjwa uliponianza ulinijia vibaya, figo zikaguswa, nikawekwa kwenye prednisoloni, dawa ya steroidi, kwa dozi kubwa ambayo baadaye ilipunguzwa polepole. Sasa namezea kidonge kidogo kila asubuhi pamoja na haidroksiklorokwini, na kwa upande wa lupasi nashukuru Mungu nimetulia.

Kilichonifanya nikuandikie ni mguu wa kulia. Maumivu yalianzia gotini, yakapanda pajani, na sasa nikivaa soksi au nikiingia kwenye gari kuna kitu kinanichoma ndani kabisa ya kinena. Mara ya kwanza nilipokwenda kutibiwa waliangalia goti, eksirei ya goti ikawa safi, nikapewa dawa za maumivu na mazoezi. Hali haikubadilika, nikaanza kuchechemea. Daktari wa pili alinilaza, akaukunja mguu na kuuzungusha kwa ndani, nikapiga kelele. Yeye ndiye aliyeagiza eksirei ya nyonga. Nayo ikarudi safi. Miezi ikapita, maumivu yakaanza kuniamsha usiku, ndipo nikafanyiwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku.

Ripoti inasema nina nekrosisi, yaani kufa kwa mfupa, ya kichwa cha fupa la paja la kulia, hatua ya kwanza, na kwamba upande wa kushoto kuna alama ndogo ya namna hiyo hiyo. Mguu wa kushoto hauniumi hata chembe.

Daktari wa mifupa anataka kunitoboa mfupa ili kupunguza presha iliyo ndani, na akasema kinyama kitakachotoka kitapelekwa maabara. Tangu siku hiyo nyumbani hakuna amani. Mume wangu anasema eksirei ni safi, kwa hiyo mfupa ni mzima, na MRI ni mashine inayotafuta ugonjwa kwa kila mtu. Wifi yangu ni muuguzi. Yeye anasema picha ni kivuli tu, nisikubali kutobolewa hadi kinyama kichukuliwe kwanza kwa sindano, kisomwe, ndipo tujue kama kweli mfupa umekufa. Mama yangu akisikia kinyama kinapelekwa maabara anaamini ninafichwa saratani.

Nifuate lipi, Daktari? Inawezekanaje mfupa ufe na eksirei isione? Je, nidai kipimo cha kinyama kwanza? Na kwa kuwa kila mtu ananiambia prednisoloni ndiyo iliyoniponza, nimeanza kufikiria kuiacha.

Wako,
Mama wa Watoto Wawili

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa maumivu na kwa mzozo uliokuzunguka.

Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo la hatari zaidi. Usiiache prednisoloni kwa ghafla. Mwili uliozoea kidonge hicho kwa muda mrefu huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukikikatisha siku moja presha inaweza kushuka hadi ukaanguka, na lupasi ikaamka na kurudi kwenye figo. Dozi kubwa za mwanzo huenda kweli zimechangia, na lupasi yenyewe pia hudhuru mishipa ya damu ya mfupa. Lakini dozi zile ndizo zilizookoa figo zako, na kuacha kidonge cha leo hakurudishi damu mahali ilipokwisha kukatika. Mpelekee daktari wako wa lupasi ripoti ya MRI, mzungumze kama dozi inaweza kushuka kidogo kidogo. Uamuzi huo ni wake pamoja nawe.

Sasa nije kwenye ubishi wa nyumbani. Mume wako na wifi yako wanauliza swali moja kwa njia mbili: ni nani aliyeuona mfupa ukiwa umekufa? Swali ni zuri sana, na kila kipimo kinalijibu kwa namna yake.

Eksirei hupima madini. Mahali penye kalsiamu nyingi huonekana peupe, penye kidogo huonekana peusi. Mfupa unapokosa damu, zinazokufa ni seli: seli za uboho, seli za mafuta, na zile seli ndogo zinazoishi ndani ya mfupa wenyewe. Kalsiamu haiendi popote. Mfupa uliokufa jana una madini yale yale uliyokuwa nayo juzi, na kwa muda hata nguvu yake ni ile ile. Ni kama mti uliokufa ukiwa umesimama: ukiutazama kwa mbali msimu wa kiangazi huwezi kuutofautisha na jirani zake. Kwa hiyo eksirei ya nyonga yako ilisema kweli kuhusu madini, lakini kuhusu uhai haikuwa na la kusema. Mweleze mume wako hivyo, kwa upole.

Mabadiliko yanayokuja kuonekana kwenye eksirei baadaye kwa kiasi kikubwa si kifo chenyewe. Ni kazi ya ukarabati. Kutoka upande ulio hai, mishipa midogo na seli mpya huingia mpakani mwa eneo lililokufa, zikaweka mfupa mpya juu ya nyuzi za mfupa wa zamani; hapo ndipo weupe hujitokeza. Seli nyingine hula mfupa uliokufa ili uondolewe. Tatizo ni kwamba ulaji huwa na kasi kuliko ujenzi, na nyonga haipumziki: kila hatua unayotembea huibebesha mzigo unaozidi uzito wa mwili wako wote. Mfupa ulio chini tu ya gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha ya mfupa kwenye kiungo, hudhoofika, hupasuka, na mpasuko huo huonekana kwenye eksirei kama mstari mweusi uliopinda umbo la mwezi mwandamo. Baada ya hapo kichwa cha mfupa, ambacho kinatakiwa kuwa duara, hubonyea. Gegedu juu yake mara nyingi bado ni zima, maana hulishwa na majimaji ya kiungo, lakini likikalia mfupa uliobonyea nalo husagika na kiungo kizima huharibika.

Ukiufahamu mfuatano huo utaona kwa nini nasisitiza muda. Nyonga inayosubiri eksirei "ikubali" ndipo itibiwe, mara nyingi hufika kwa daktari ikiwa imekwisha kubonyea, na matibabu ya kuokoa kichwa cha mfupa hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya hapo.

Niongeze jambo kuhusu eksirei hiyo. Eneo linalokufa mara nyingi liko mbele na juu ya kichwa cha mfupa, na picha ya kawaida ya kulala chali hulifunika nyuma ya ukingo wa kikombe cha nyonga. Ndiyo maana tunataka picha ya pili, magoti yakiwa yamekunjwa na kutanuliwa pembeni, ili sehemu ile ijitokeze. Uliza kama ulipigwa zote mbili. Tena, eksirei yako ni ya miezi kabla ya MRI. Hatua ya kwanza, kwa ARCO, mpangilio wa hatua za ugonjwa huu ambao madaktari wengi wanautumia, maana yake ni MRI imeona na eksirei haijaona, lakini eksirei hiyo iwe ya wakati huo huo. Katika hatua ya pili eksirei tayari ina mabadiliko ila mfupa haujapasuka. Ya tatu ni mpasuko chini ya gegedu au kubonyea, nayo hugawanywa kwa kina cha kubonyea: hadi milimita 2, au zaidi ya hapo. Ya nne kiungo chenyewe kimechakaa. Omba eksirei mpya za pande mbili kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Inawezekana kabisa hatua yako imesogea tangu ile ya kwanza, na hilo linaweza kubadili ushauri.

Tuje kwenye MRI. Mume wako aliposema inatafuta ugonjwa kwa kila mtu, ana hofu inayoeleweka, kwa sababu kwa mgongo na magoti MRI huonyesha mambo mengi yasiyo na maana. Kwa ugonjwa huu sivyo. MRI ndicho kipimo chenye kuaminika kuliko vyote vya picha. Ukiwa na dalili na picha ya kawaida ya ugonjwa huu, nafasi ya kukosea ni ndogo mno.

Hata hivyo, MRI nayo haioni kifo moja kwa moja. Inasoma mafuta na maji, na mafuta yaliyokufa yanaweza kuendelea kung'aa kama mafuta hai kwa muda mrefu. Mara nyingi ndani ya eneo lililokufa picha inaonekana ya kawaida kabisa! Anachokisoma mtaalamu wa radiolojia ni mpaka. Pale ukarabati unapokutana na sehemu isiyo na uhai hujitokeza mstari mweusi unaopita ndani ya kichwa cha mfupa na kukizingira kipande cha juu. Kwenye picha za aina nyingine mstari huo huonekana maradufu: mweusi kwa nje, ambao ni mfupa mgumu uliojengwa, na mweupe kwa ndani, ambao ni tishu changa yenye mishipa mingi. Mistari hiyo miwili ikiwepo, haihitaji mjadala mrefu. Isome ripoti yako, au mwombe daktari akuonyeshe kwenye skrini. Mgonjwa ana haki ya kuuona mstari unaosababisha atobolewe mfupa.

Kwa sababu MRI husoma mpaka, kuna kipindi kifupi mwanzoni ambapo hata yenyewe huwa kimya, mpaka bado haujajengwa. Jambo hilo ni la maana kwa mtu aliyevunjika shingo ya fupa la paja au kuteguka nyonga wiki hii. Kwako limeshapita.

Mwulize daktari wako mambo matatu kwenye picha hizo, kwa kuwa ripoti fupi huyaacha. La kwanza ni ukubwa wa eneo. Kipande kidogo, chini ya asilimia 15 ya kichwa, kina nafasi nzuri. Kinachozidi asilimia 30 kina hatari kubwa ya kubonyea. Wengine hupima kwa pembe inayoitwa ya Kerboul, wakijumlisha upana wa eneo lililokufa kwenye picha ya mbele na ya pembeni: jumla ikiwa chini ya digrii 190 kubonyea ni nadra, ikizidi 240 ni jambo la kutarajiwa. La pili ni mahali. Kipande kilicho upande wa ndani kinabeba mzigo mdogo kuliko kilichofika ukingo wa nje wa juu. La tatu ni kama uboho unaozunguka eneo hilo umejaa maji. Maumivu yanayoamsha usiku mara nyingi huenda pamoja na maji hayo, na maji hayo wakati mwingine hutangulia au huficha mpasuko mdogo chini ya gegedu. Daktari akiushuku mpasuko, CT skani itauonyesha vizuri kuliko MRI, kwa kuwa CT huchora mfupa mgumu kwa ukali. Hapo CT ina kazi yake. Kugundua ugonjwa mapema si kazi yake, wala skani ya mfupa ya dawa yenye mionzi haiishindi MRI, hasa pale nyonga zote mbili zinapohusika na hakuna upande mzima wa kulinganisha.

Wakitaka kurudia MRI kwa dawa ya kuchomwa mshipani, waambie mapema kwamba figo zako ziliwahi kuguswa. Kwa kawaida dawa hiyo haihitajiki kwa ugonjwa huu.

Sasa nimjibu wifi yako, na namheshimu kwa swali lake, maana kwa muda mrefu alichosema ndicho kilichofanyika. Kabla ya MRI, madaktari wawili wa Toulouse, Ufaransa, Paul Ficat na Jacques Arlet, walikuwa wakiwachunguza wagonjwa wenye maumivu ya nyonga na eksirei safi kwa kuingiza bomba ndani ya mfupa, kupima presha ya uboho, kisha kuchomoa kipande cha mfupa chenye umbo la silinda kikasomwe kwa hadubini. Wakagundua kwamba wagonjwa wengi walipata nafuu ya maumivu baada tu ya kuchukuliwa kipande hicho. Kutoboa mfupa kama tiba kulizaliwa humo, kutoka kwenye kipimo. Daktari wako anapotaka kutoboa na kupeleka kipande maabara, anafanya yote mawili kwa tundu moja.

Hadubini ndiyo pekee inayokiona kifo chenyewe. Seli za uboho zinazotengeneza damu hufa ndani ya saa 6 hadi 12 baada ya kukosa damu, seli za mfupa ndani ya saa 12 hadi 48, seli za mafuta ndani ya siku 2 hadi 5. Mwanapatholojia, daktari anayesoma vinyama kwa hadubini, huanza kwenye uboho: mafuta yaliyopasuka na kuungana kuwa matone makubwa, mabaki ya seli yasiyo na kiini. Kisha hutazama vitundu vidogo ndani ya mfupa ambamo kila seli huishi. Vikiwa vitupu eneo zima, mfupa huo hauna mwenyewe. Akiona mfupa mpya, wenye seli zake, umelazwa juu ya ule mtupu, amepata ushahidi kamili: hapa palikufa, na hapa mwili ulijaribu kujenga upya.

Lakini hadubini nayo ina mipaka, na hapa ndipo ninapotofautiana na wifi. Vitundu havibaki vitupu mara moja. Kivuli cha seli iliyokufa kinaweza kukaa ndani kwa wiki kadhaa, hivyo kipande cha mapema mno kinaweza kuonekana kizima. Kinyume chake, vitundu vichache vitupu hupatikana hata kwenye mfupa mzima, hasa kwa watu wazima. Mfupa ni mgumu, hauwezi kukatwa vipande vyembamba hadi uloweshwe kwenye asidi au kemikali nyingine ya kutoa kalsiamu, na asidi ikikaa kupita kiasi hufuta viini vya seli, ikatengeneza vitundu vitupu ambavyo havikuwepo. Joto la keekee nalo huunguza. Zaidi ya hayo, sindano inachukua mahali inapogusa tu. Ikipita pembeni ya eneo lililokufa, majibu yatarudi "mfupa mzima" na mtu atafarijika bila sababu. Katika nyonga kama yako, MRI inauona mpaka wote. Sindano ingeona uzi mmoja. Kumchoma mtu mara mbili ili kuthibitisha kile ambacho picha imeshaonyesha wazi, huku muda unakwenda, mimi siungi mkono.

Ningeunga mkono kinyama kitangulie kama picha haieleweki. Kuna hali ambapo kichwa chote na shingo ya fupa hujaa maji lakini hakuna mstari wa mpaka. Hiyo mara nyingi ni hali ya uboho kujaa maji kwa muda tu, huwapata wajawazito wa miezi ya mwisho na wanaume wa umri wa kati, na huisha yenyewe ndani ya miezi, bila kutobolewa. Kuna mpasuko wa uchovu chini ya gegedu kwa wazee wenye mifupa myepesi: mstari wake hukatikakatika na kufuata umbo la uso wa mfupa, wakati mstari wa ugonjwa wako hupinda kwa ulaini na kulizingira eneo. Na kuna mambo mazito zaidi, kama uvimbe wa mfupa, saratani iliyosafiri kutoka kwingine, kifua kikuu cha nyonga au usaha ndani ya mfupa. Kwa mgonjwa wa selimundu mwenye homa, kwa mfano, picha inaweza kushindwa kutenganisha mfupa uliokosa damu na mfupa wenye bakteria, na hapo kuchukua sampuli na kuiotesha maabara ni lazima.

Wewe unatumia dawa zinazopunguza kinga. Hukutaja homa, jasho la usiku wala kupungua uzito. Kama una mojawapo, mwambie daktari wa mifupa kabla ya kupanga siku ya upasuaji, kwa sababu itambadilishia mpango: sampuli itabidi iende pia kuoteshwa bakteria na kuchunguzwa kifua kikuu, na kipande kilichokwisha kuwekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia vinyama, hakioteshwi tena. Jambo hilo dogo limewaponyoka wengi.

Kwa mama yako, mweleze hivi. Kupeleka kipande maabara ni utaratibu, na kwa maoni yangu utaratibu mzuri. Mfupa ukishatolewa mwilini hakuna sababu ya kuutupa bila kusomwa, hata pale nyonga nzima inapobadilishwa. Mara chache hadubini humshangaza daktari, ikaonyesha mpasuko wa uchovu pale ilipodhaniwa ni mfupa uliokufa, au jambo jingine kabisa. Kwako wewe, mwenye lupasi, historia ya steroidi, na alama za aina moja pande zote mbili, hakuna kitu ulichoniandikia kinachoelekeza kwenye saratani. Mwandae pia kwamba majibu yatachelewa kuliko ya damu. Kulainisha mfupa kunachukua siku, wakati mwingine wiki. Ukimya huo wa maabara usimtishe.

Nyonga ya kushoto isisahauliwe kwa kuwa haiumi. Ugonjwa huu usipotokana na ajali hushika nyonga zote mbili kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, na upande wa kimya ndio wenye nafasi kubwa zaidi ya kuokolewa. Ukubwa wa alama hiyo upimwe sasa, uandikwe, na upangiwe MRI ya kurudia. Kikiwa kipande kidogo mno kilicho upande wa ndani, daktari anaweza kuamua kukifuatilia tu. Mabega au goti vikianza kuuma kwa ndani, mtajie, maana sehemu hizo nazo hushikwa kwa watu wenye historia kama yako.

Kuhusu kutobolewa kwenyewe sitakuahidi muujiza. Kwa eneo dogo au la wastani ambalo halijapasuka, hupunguza maumivu kwa wengi na huweza kuchelewesha au kuzuia kubonyea. Kwa eneo kubwa matokeo ni hafifu zaidi, na kwa mfupa uliokwisha kubonyea mazungumzo huhamia kwenye kubadilisha nyonga, ambayo leo ni upasuaji wenye matokeo mazuri hata kwa mtu wa umri wako. Ndiyo maana nimekutuma ukaulize ukubwa, mahali na eksirei mpya. Majibu hayo yakibaki mazuri, mimi ningekubali kutobolewa bila kudai sindano kwanza, kwa sharti kwamba kipande kinatolewa katikati ya eneo lenyewe kwa kuongozwa na picha, na kwamba mwanapatholojia anaandikiwa historia yako yote: lupasi, prednisoloni, na MRI ilisema nini. Mwanapatholojia anayepokea kichupa kilichoandikwa "mfupa" peke yake anafanya kazi gizani.

Baada ya upasuaji utatembelea magongo kwa wiki kadhaa. Usiyaache mapema kwa kuwa maumivu yamepoa. Lile tundu hupunguza nguvu ya fupa la paja hadi lizibe, na wapo waliovunjika hapo kwa kuanguka kidogo tu.

Na wakati unasubiri, ikitokea siku maumivu ya kinena yakaja kwa ghafla, makali kuliko ulivyozoea, ukashindwa kuukanyagia mguu, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo ukapigwe eksirei za pande mbili, ukiwa na CD ya MRI mkononi, umwombe daktari atafute ule mstari wa mwezi mwandamo chini ya gegedu.